Mwana Humkimbilia Amwitikiaye

Mwezi wa Shaaban mwaka jana nilikuwa mmoja wa watu tuliojazana katika gari la kukodi kwenda uwanja wa ndege wa Mombasa kumpokea mpwa wangu. Alikuwa akirejea kutoka Saudia, alikokwenda kufanya kazi ya nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili. Alipoondoka alimwacha mtoto wake wa kiume ana miezi kumi na mitano, bado akinyonya. Alimwacha kwa mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa. Siku ile ya kurejea, mtoto alikuwa ametimia miaka mitatu na ushei, akisema maneno yote na kukimbia huku na huku.

Mpwa wangu alipotoka nje aliyaacha masanduku yake, akapiga magoti pale pale sakafuni, akakunjua mikono. Mtoto alimtazama. Kisha alirudi nyuma polepole, akajifunika kwa buibui la nyanyake, akatoa jicho moja tu. Hakulia. Hilo ndilo lililonigusa zaidi kuliko yote: kwamba hakulia.

"Mjomba, mwanangu hanijui," aliniambia usiku ule, tulipokwisha kula na wageni kutawanyika. "Nimevumilia ya watu miaka miwili kwa ajili yake, na yeye hanijui."

Waliobakia barazani kila mmoja alikuwa na lake. Wa kwanza alisema mtoto amedekezwa mno na nyanyake. Wa pili alisema damu nzito kuliko maji, basi aachwe, damu itamwita. Wa tatu, ambaye ni mtu mzima na mwenye kuheshimika, alisema dawa ni moja: mtoto achukuliwe kesho asubuhi, akalale kwa mamake mbali na nyanyake, atalia siku mbili tatu, kisha atanyamaza.

Neno hilo la tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Kwani mimi mwenyewe, ndugu msomaji, niliwahi kuwa mtoto aliyenyamaza.

Wazazi wangu waliachana nikiwa na umri wa miaka mitatu. Mama alibaki Mombasa, akaolewa pengine, nami nikapelekwa Lamu kwa nyanya mzaa baba. Nimehadithiwa kwamba siku za mwanzo nilikuwa nikilia mlangoni kila jahazi linapotia nanga. Baadaye nikawa nakaa pale pale mlangoni bila ya kulia. Kisha nikaacha kukaa mlangoni. Nikatiwa chuoni, nikahifadhi sura zangu, nikawa mtoto wa kupigiwa mfano. Nilipofika miaka saba mama alikuja kunitazama. Nilishuka ngazi, nikambusu mkono, nikampokea mfuko wake na kumuuliza habari za safari, kama nilivyofunzwa kumuuliza mgeni yeyote. Majirani wakasifu adabu yangu. Mama hakusifu kitu. Aliuelekeza uso wake baharini, akakaa hivyo kwa muda.

Nilipita miaka arubaini ndipo nilipofahamu kwamba ile haikuwa adabu. Nilifahamu siku nilipopewa kazi ya kufasiri makala ya elimu ya nafsi, nikakuta humo maelezo ya mtoto nisiyemjua ambaye alikuwa ni mimi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasoma mambo haya kila nipatapo nafasi, na leo nataka tusemezane juu yake, kwa sababu visiwani na barani nyumba zetu zimejaa watoto waliobakishwa.

Katika elimu hii mtu wa mwanzo kutajwa ni daktari wa Kiingereza aitwaye John Bowlby, aliyezaliwa London mwaka 1907. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji mashuhuri aliyehudumia nyumba ya mfalme. Kwa desturi ya watu wa cheo kile, watoto waliwekwa mikononi mwa yaya, na mama aliwaona kiasi cha saa moja kwa siku, baada ya chai ya jioni. Bowlby alikuwa na yaya aliyempenda mno. Alipokaribia miaka minne, yaya yule aliacha kazi akaenda zake. Ukubwani Bowlby mwenyewe alieleza kwamba msiba ule kwake ulikuwa kama wa kufiwa na mama.

Zama hizo wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye ampaye chakula. Yaani mapenzi yalikuwa mapenzi ya tumbo. Bowlby alikataa. Alisema kwamba haja ya mtoto kuwa karibu na mtu wake ni haja inayojitegemea, kama vile njaa ilivyo haja na kiu ilivyo haja. Mtoto huzaliwa nayo kwa sababu kiumbe dhaifu akiwa mbali na mlinzi wake huangamia. Mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Ulimwenguni ripoti juu ya watoto waliokosa makao, na baada ya hapo akatoa vitabu vitatu vikubwa, mwaka 1969, 1973 na 1980.

Mwaka 1958, Mmarekani Harry Harlow alitangaza habari za majaribio yaliyomuunga mkono. Vitoto vya nyani waliotengwa na mama zao vilitengenezewa mama wawili wa bandia: mmoja wa waya mtupu, na mwingine wa kitambaa laini. Hata pale maziwa yalipowekwa kwa mama wa waya, vitoto vilikwenda kunywa na kurudi upesi kumkumbatia mama wa kitambaa. Niliposoma hayo niliwakumbuka watoto wetu wasiolala mpaka washike ncha ya leso ya mama. Ni majaribio ya kikatili, lakini yalionyesha kwamba tumbo kushiba ni jambo moja na moyo kutulia ni jambo jingine.

Mwenziwe Bowlby, James Robertson, aliwatazama watoto waliolazwa hospitali nchini Uingereza, ambako zamani wazazi waliruhusiwa kuwazuru kwa nadra. Mwaka 1952 alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili na miezi mitano aliyelazwa siku nane. Robertson aliona kwamba mtoto aliyetengwa hupita hatua tatu. Kwanza hulalamika: hulia, huita, huutazama mlango. Pili hukata tamaa: hunyamaza, hujikunyata, hula kidogo. Tatu hujitenga: hucheza, huchekacheka na wauguzi, na mama yake akija hamshughulikii. Wauguzi walikuwa wakifurahi mtoto afikapo hatua hii ya tatu; wakisema amezoea. Robertson alisema la, huyo hakuzoea, amefunga mlango. Mwaka 1959 tume iliyoundwa na serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao hospitalini bila ya kuwekewa saa.

Basi nilipomwona yule mtoto nyuma ya buibui, nilizijua zile hatua. Kulia alilia miaka miwili iliyopita, na dada yangu ni shahidi.

Lakini jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba nusu ya elimu hii ilianzia jirani hapa, Uganda. Mwaka 1954 mwanamke mmoja, Mary Ainsworth, aliyepata kufanya kazi na Bowlby huko London, alimfuata mumewe Kampala. Akaanza kuvizuru vijiji vya karibu na mji pamoja na mkalimani wake. Alikuwa amesikia kwamba Waganda wana desturi ya kumpeleka mtoto kwa nyanyake wakati wa kumwachisha ziwa, ili alisahau. Sisi wa pwani tuna shubiri ya kupaka ziwani, na wengine wetu tuna nyanya vile vile. Ainsworth alitaka kuona mtoto anayetengwa hivyo huwaje. Alipofika alikuta desturi yenyewe imekwisha kupungua, basi akageuza nia. Kwa miezi kadhaa akawa anakwenda nyumba kwa nyumba, kila baada ya wiki mbili, akikaa kiasi cha saa mbili na kutazama tu mama na watoto wanavyoishi. Alitazama mama 26 na watoto 28.

Aliyoyaona ni haya. Mtoto akishaweza kutambaa, humwacha mama yake na kwenda kuchungua dunia. Akifika mbali kidogo hugeuka kumtazama. Akimwona yupo, huendelea. Akiogopa, hurudi mbio, akagusa goti, kisha huondoka tena na safari hii huenda mbali zaidi. Mama ni bandari, na chombo kilicho na bandari ndicho kinachothubutu kwenda mbali. Wale tunaodhani kwamba kumbeba mtoto alipo kunamfanya mwoga, tumelishika jambo kwa mkiani.

Katika watoto wale 28, Ainsworth aliwahesabu 16 kuwa wameshikamana na mama zao kwa utulivu, 7 wameshikamana kwa wasiwasi, na 5 walikuwa bado hawajashikamana. Alipotafuta sababu, hakuona kwamba wingi wa walezi nyumbani ulimdhuru mtoto. Aliona kwamba watoto watulivu aghalabu ni wa wale mama waliokuwa karibu nao sana, waliofurahia kunyonyesha, na ambao wakiulizwa habari za mtoto waliweza kueleza mambo madogo madogo: analala vipi, anachukia nini, kilio cha njaa kina sauti gani na cha usingizi kina sauti gani. Yaani ni mama waliokuwa wakimsoma mtoto. Habari hizo alizichapisha katika kitabu mwaka 1967.

Baadaye, Baltimore huko Marekani, alitengeneza jaribio lililomtia katika vitabu vyote vya fani hii. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja huingizwa chumbani pamoja na mama yake, mna vitu vya kuchezea. Huingia mtu asiyemjua. Mama hutoka kwa dakika chache, kisha hurudi. Jaribio zima halizidi sana dakika 20. Ainsworth alifahamu kwamba kilio cha mama anapotoka si jambo kubwa. Jambo kubwa ni anaporudi. Mtoto aliyetulia humkimbilia, hubebwa, hulia kidogo, kisha hurudi kuchezea vitu vyake. Wa pili humng'ang'ania na huku anampiga, hatulizani. Wa tatu humpa mgongo, akajifanya anashughulika na mchezo wake.

Huyo wa tatu ndiye sisi tunayemsifu kuwa mtoto mzuri asiyesumbua. Lakini mwaka 1977 watafiti wawili wa Kimarekani walieleza kwamba walipopima mapigo ya moyo ya watoto kama hao, waliukuta moyo unakwenda mbio chini ya uso ule mkavu. Nilikumbuka ngazi za nyumba ya Lamu na ule mfuko wa mama mkononi mwangu.

Pengine msomaji atauliza: haya si mambo ya wazungu? Nami nasema, tuyatazame ya kwetu. Katika kisa cha Nabii Musa (A.S.), kama kilivyo katika Sura al-Qasas, mtoto aliyeokotwa mtoni alikataa wanyonyeshaji wote mpaka akarejeshwa kwa mama yake, ili jicho la mama lipoe. Nyumba ya Firauni haikukosa maziwa. Na Mtume wetu (S.A.W.) alizaliwa baba yake keshafariki, akalelewa jangwani na Bibi Halima, mama yake akamfia ana miaka sita, na babu yake ana miaka minane, kisha akachukuliwa na ami yake Abu Talib. Bibi Umm Ayman alikuwa naye tangu utotoni, na Mtume akimhesabu kuwa ni mama baada ya mama. Wasimulizi wa sira wanaeleza kwamba Bibi Halima alipomjia ukubwani, alimtandikia shuka yake akae. Mtoto aliyepita mikono mingi hakuikunja mikono yake kwa yeyote, kwa kuwa kila mkono uliompokea ulimpokea kwa mapenzi. Fikihi yetu nayo imeutambua ulezi: imemfanya mnyonyeshaji kuwa mama, na wazazi wakiachana, katika madhehebu yetu ya Shafi, haki ya kumlea mtoto mdogo ni ya mama kwanza, na baada yake ni ya mama wa mama.

Kwa hiyo simlaumu mpwa wangu, wala simlaumu dada yangu. Mlezi si lazima awe mzazi, na namna ya kulea si moja. Hapa Kenya, Robert na Sarah LeVine, wataalamu wa Kimarekani, waliishi miongoni mwa Wagusii katika miaka ya 1970. Waliona kwamba mama wa Kigusii hakuwa akizungumza sana na mtoto mchanga wala kumkazia macho kama wafanyavyo mama wa kwao. Lakini mtoto akilia, alinyanyuliwa na kutulizwa upesi. Hapo ndipo penye siri ya jambo lote. Moyo wa mtoto hauulizi nani aliyemzaa, wala nani alileta viatu kutoka Jedda. Huuliza: nikiita, nani huitika?

Na athari zake hazikomi utotoni. Watafiti wawili, Cindy Hazan na Phillip Shaver, waliweka masuali katika gazeti moja la Denver, Marekani, wasomaji wajieleze hali zao katika mapenzi. Majibu waliyoyatangaza mwaka 1987 yalionyesha makundi yale yale matatu ya Ainsworth. Zaidi ya nusu walisema huona wepesi kumkaribia mwenzi na kumtegemea. Kiasi cha robo walisema ukaribu huwabana. Waliosalia, kiasi cha mmoja katika kila watano, walisema huishi kwa hofu ya kuachwa. Mke wangu ameniambia mara nyingi: "Wewe ukiugua unafunga mlango." Nilikuwa nikidhani huo ni uanaume.

Hata hivyo utoto si hukumu isiyo rufani. Wataalamu waliofuatana na watoto mpaka ukubwani wameona kwamba wengine hubadilika, kwa mabaya na kwa mazuri. Aliyekosa bandari utotoni huweza kuipata kwa mume mwema, kwa mke mvumilivu, kwa mwalimu, kwa rafiki. Mimi niliipata kwa mwanamke anayegonga mlango ninaoufunga, na haondoki mpaka niufungue.

Usiku ule nilimwambia mpwa wangu hivi: "Mwanangu, mtoto hakukusahau. Amejikinga. Usimtoe kwa nyanyake, maana utamfilisi mara ya pili. Hamia wewe hapa, kaa karibu naye, wala usimvute."

Alikubali, ingawa kwa shingo upande. Wiki ya kwanza mtoto hakumsogelea. Mama alikaa jikoni akikuna nazi, naye akimchungulia mlangoni. Ikifika usiku dada yangu humwogesha, na mpwa wangu hushika taulo tu. Ramadhani ilipoingia, mtoto alianza kumletea tende wakati wa kufuturu, akimwekea mkononi kisha akikimbia. Kiasi cha siku ya kumi na tano alianguka uani akachubuka goti. Alisimama akawatazama wote wawili, nyanya huku na mama huku, na sote tukanyamaza. Alimkimbilia nyanyake. Lakini usiku wa siku ile alikwenda kumwonyesha mama yake lile goti. Mpwa wangu alilitazama goti lile kwa muda mrefu kama atazamaye kito.

Miezi minne alikaa nasi. Deni la nyumba lilikuwa halijesha, na kazi hapa hakupata. Baada ya Idi ya Mfungo Tatu ilimlazimu kwenda tena. Safari hii hatukumtorosha mtoto asione. Aliambiwa mapema, akaonyeshwa ndege, akaachiwa leso ya mama yake isiyofuliwa. Mpwa wangu alikubaliana na mwajiri mpya kwamba simu yake itakaa mikononi mwake, ili amwite mwanawe kila siku baada ya Maghribi.

Pale uwanjani, mama alipogeuka kwenda ndani, mtoto alipiga ukelele uliowafanya watu waache mizigo yao. Alijitupa chini, akamwita kwa jina la mama, mama, mpaka sauti ikamkauka. Wanawake wakasema mwondosheni, mnyamazisheni. Nikasema mwacheni alie, na dada yangu akakaa naye sakafuni, akamkumbatia.

Mwaka mmoja na ushei nyuma yake mtoto yule alikuwa mkavu. Sasa alilia kwa sababu alikuwa na wa kumlilia. Sikuweza kujua kama nifurahi au nilie naye. Mpwa wangu alisikia kilio kile mpaka ndani, na aliponipigia simu baadaye hakuniuliza kitu ila kimoja: "Mjomba, amenyamaza vipi?" Nikamjibu kwamba amenyamaza kifuani pa nyanyake, na leso yako mkononi. Akasema, "Alhamdulillahi." Kisha akalia yeye.

Sina fatwa ya kumpa mwanamke mwenye deni na mtoto. Ninalo ombi tu kwa wale tunaobaki. Mtoto aliyeachwa akilia tusimwambie nyamaza. Akinyamaza tusiharakishe kumsifu. Anayerejea tumpe nafasi ya kurejea polepole. Nami nawaachia ubeti huu, nilioutunga usiku ule tuliorudi kutoka uwanjani:

Mwana akiita nina, itika hima itika,
Asiyejibiwa jana, leo moyo hufunika,
Mapenzi hayana shina, mikono isiposhika,
Akitulizana mwana, mbali ataweza fika.